Skrini tatu kwenye kompyuta moja: VGA haipandi juu ya 1024x768, na skrini ya tatu inakataliwa

Mchapishaji wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Ndugu wapendwa, ninawasalimu nyote. Nina duka dogo la kuchapisha katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoleta TFC zao (kazi za kumaliza masomo) na familia zinazotaka kadi za mwaliko wa ndoa. Mteja wa kadi hupenda kuona kazi yake ikipangwa mbele ya macho yake kabla hajalipa, na kwa sababu hiyo nimeweka skrini moja kwenye kaunta inayomwelekea yeye, nyingine iko mbele yangu, na nimenunua ya tatu kwa ajili ya foleni ya printa. Kompyuta ni ya mezani, prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha pili, haina kadi ya picha ya ziada, na nimesakinisha Debian 12, mfumo wa aina ya Linux.

Skrini yangu ya kazi ni ya 1920x1080 na imeunganishwa kwa HDMI. Ile ya kaunta ni ya zamani, ya inchi 19, na nukta zake halisi ni 1280x1024. Inapokea picha kwa kebo ya VGA ya mita kumi na tano iliyopitishwa ukutani, baada ya kupita kwenye kisanduku cha kugawa picha ambacho nilikikuta hapo nilipopanga chumba. Ya tatu iko kwenye tundu la DisplayPort.

Shida ya kwanza ni kwamba skrini ya kaunta haikubali kupanda juu ya 1024x768. Picha inajaa kioo chote, lakini pete mbili za ndoa zilizochorwa juu ya kadi zinaonekana kama mayai yaliyosimama, na mteja anadhani kwamba mimi ndiye nimekosea mchoro. Niliandika `video=1280x1024` kwenye mstari wa kerneli (kiini cha mfumo) katika GRUB, programu inayouanzisha mfumo kompyuta inapowaka. Baada ya kuwasha upya, skrini ya kaunta ilipata 1280x1024 tangu maandishi ya mwanzo, ila picha ilisogea kushoto kiasi cha nusu kidole, na skrini yangu ya HDMI nayo ikashushwa hadi 1280x1024. Nikaiondoa.

Shida ya pili ni skrini ya tatu. Kila ninapojaribu kuiwasha kwa `xrandr`, amri ya kupanga skrini, huku nyingine mbili zikiwaka, napata jibu hili:

`xrandr: cannot find crtc for output DP-1`

Nikizima mojawapo ya zile mbili, ya tatu inawaka vizuri kabisa, kwa hiyo najua kwamba si mbovu wala kebo yake si mbovu. Naomba mwenye ujuzi anieleze sababu, hata kama maelezo ni marefu, kwa maana nimechoka kunakili amri nisizozielewa.

Fundi kijana, Bukavu

Yaya, pole kwa usumbufu. Mimi nilipata shida inayofanana na hiyo kwenye kompyuta ya ofisi moja hapa Bukavu: picha ilikuwa ikitoweka katikati ya kuwaka. Niliongeza neno `nomodeset` kwenye mstari uleule wa GRUB na picha ikarudi. Unaweza kujaribu.

Njia nyingine ni kuiambia X, yaani seva inayochora madirisha, vipimo vyenyewe. Andika `cvt 1280 1024 60`, upate mstari wa vipimo, kisha uuingize kwa `xrandr --newmode` na kuukabidhi kwa VGA-1 kwa `--addmode`. Amri hiyo ya pili nimeitumia mara nyingi na inafanya kazi.

Msimamizi wa mitambo, Goma

Ndugu mchapishaji, maelezo yako yametosha kwa kiasi kikubwa, nami nitaanza na shida ya kwanza. Mdogo wangu wa Bukavu, naomba uniwie radhi, maana sitakubaliana nawe juu ya `nomodeset`, na ni vizuri nieleze kwa nini, kwa sababu ushauri huo umeenea kupita kiasi.

Zamani, kazi ya kupanga rezolusheni ilifanywa na seva ya X yenyewe, ikigusa kadi ya picha moja kwa moja, huku kerneli ikijishughulisha na maandishi tu. Kuanzia Linux 2.6.29, iliyotoka mwezi wa Machi 2009, kazi hiyo ilianza kuhamishiwa ndani ya kerneli kwa kadi za Intel, na draiva nyingine zikafuata. Leo kerneli ndiyo inayoamua ni tundu gani lina skrini, skrini hiyo inakubali vipimo gani, na ishara itoke kwa kasi gani. `Xrandr` ni mwombaji anayebisha hodi mlangoni. Ukiweka `nomodeset` unaiambia draiva ya Intel isifanye kazi hiyo hata kidogo, na unabaki na picha moja iliyoandaliwa na BIOS au UEFI (programu ya ndani ya kompyuta) wakati wa kuwaka, kwa rezolusheni moja, bila uwezo wa kuzipanga skrini mbili kando kwa kando. Neno hilo humsaidia mtu asiyeona kitu chochote apate angalau kuingia na kusakinisha draiva sahihi. Mwenye skrini tatu halimfai.

Sasa turudi kwenye kaunta. Kila skrini ya kisasa, hata ile ya inchi 19, imebeba ndani yake chipu ndogo ya kumbukumbu yenye maelezo yanayoitwa EDID. Maelezo ya msingi ni baiti 128: jina la mtengenezaji, ukubwa wa kioo, vipimo ambavyo skrini inavipendelea, na mwishoni baiti moja ya uhakiki ambayo hufanya jumla ya baiti zote igawanyike kwa 256 bila salio. Kerneli huyasoma kupitia nyaya mbili nyembamba zilizomo ndani ya kebo ileile ya picha. Kwenye VGA nyaya hizo ni pini ya 12 na ya 15. Rangi nyekundu, kijani na bluu hupita kwenye pini za 1, 2 na 3. Kwa hiyo kebo inaweza kuleta picha safi kabisa huku skrini ikiwa bubu, haisemi lolote kuhusu nafsi yake. Kebo nyingi za bei nafuu hazina kabisa pini hizo mbili, na visanduku vingi vya kugawa picha havizipitishi.

Skrini isipojitambulisha, kadi bado inaweza kuhisi kwamba kuna kitu upande wa pili, kwa sababu skrini ya VGA huweka mzigo wa umeme kwenye nyaya za rangi. Kerneli huandika kwamba VGA imeunganishwa, lakini kwa kuwa haijui uwezo wake, hujizuia kwenye orodha ya tahadhari inayoishia 1024x768. Hiyo ndiyo namba unayoiona wewe. Haikuchaguliwa na mtu yeyote. Ni namba ya kutojua.

Kabla hatujalazimisha chochote, naomba utuletee majibu ya amri hizi mbili:

`cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid | wc -c`

`cat /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid | wc -c`

Kisha uzime kompyuta, uichukue skrini ya kaunta, uiunganishe kwa kebo fupi moja kwa moja nyuma ya kompyuta bila kile kisanduku, na urudie amri ya kwanza.

Mchapishaji wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Nimefanya kama ulivyoelekeza, na nakushukuru kwa subira yako. Kwa kebo ndefu na kisanduku, VGA ilitoa 0 na HDMI ilitoa 256. Kwa kebo fupi, VGA ilitoa 128, na mara moja skrini ikapata 1280x1024, pete zikawa duara.

Nilijaribu pia kebo ndefu bila kisanduku, nikapata 0 tena; kwa hiyo kebo yenyewe ndiyo isiyopitisha. Tatizo ni kwamba imechimbiwa ndani ya ukuta na mwenye nyumba hataki ukuta uguswe. Je, inawezekana kerneli ikumbuke yale ambayo skrini ilisema kupitia kebo fupi?

Msimamizi wa mitambo, Goma

Inawezekana, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hatubuni chochote: tunahifadhi maneno ya skrini yenyewe. Ukiwa bado kwenye kebo fupi, fanya hivi kama msimamizi wa mfumo:

`mkdir -p /lib/firmware/edid`

`cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid > /lib/firmware/edid/kaunta.bin`

Hakikisha kwamba faili lina baiti 128, na kama una programu ya `edid-decode`, lisome ili uone jina la skrini na vipimo vyake. Halafu fungua `/etc/default/grub`, na katika mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT uongeze:

`drm.edid_firmware=VGA-1:edid/kaunta.bin`

Endesha `update-grub`, rudisha kebo ndefu, na uwashe upya.

Hapa kuna mtego mmoja ulionichukua siku nzima. Kama draiva ya picha inapakiwa mapema kutoka initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia diski kuu), faili lako bado halionekani wakati huo, kwa kuwa diski kuu haijafunguliwa. Ukiona kwenye `dmesg` (ujumbe wa kerneli) maneno `Direct firmware load for edid/kaunta.bin failed with error -2`, maana yake ni hiyo. Dawa yake ni kuweka skripti fupi katika `/etc/initramfs-tools/hooks` inayonakili faili hilo ndani ya initramfs, kisha `update-initramfs -u`.

Sasa nieleze kwa nini jaribio lako la kwanza lilisogeza picha na kuiharibu HDMI, maana ulikuwa karibu na ukweli. Ukiandika `video=1280x1024` bila jina la tundu, agizo hilo linayahusu matundu yote, ndiyo maana HDMI nayo ilishuka. Ukitaka kulilenga tundu moja, unatanguliza jina lake: `video=VGA-1:1280x1024@60`. Kuhusu kusogea, namba ya nukta peke yake haitoshi kuichora picha. Kila mstari una nukta zinazoonekana na pengo tupu pembeni, na pengo hilo lazima likae pale skrini inapolitarajia. Kipimo cha kawaida cha 1280x1024 kwa 60 Hz kina nukta 1688 kwa mstari pamoja na pengo, na mistari 1066, ambayo kwa jumla inahitaji megahezi 108, yaani nukta milioni 108 kwa sekunde. Kerneli isipopata kipimo hicho kwenye EDID, hujikokotolea yenyewe kwa kanuni inayoitwa GTF, au kwa CVT ukiongeza herufi M baada ya vipimo. Amri ya `cvt` aliyoitaja mdogo wangu nayo hutoa megahezi 109, nukta 1712 na mistari 1063. Skrini nyingi huvumilia tofauti hiyo na kujirekebisha kwa kitufe. Nyingine huisogeza picha kama yako. Kwa hiyo ushauri wake wa pili si kosa, bali EDID halisi ni bora kuliko hesabu.

Jambo moja zaidi: usiifikishe skrini hiyo 75 Hz hata kama EDID inaruhusu. Ingehitaji megahezi 135 kwenye waya wa mita kumi na tano usio na kinga nzuri, na ungeona kivuli pembeni mwa kila herufi.

Mwalimu wa informatiki, Lubumbashi

Ndugu jirani, nami niko hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, na nimefuatilia mazungumzo haya kwa furaha kubwa. Papa wa Goma ameimaliza shida ya kwanza. Naomba niichukue ya pili, kwa sababu ni swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka.

Ndani ya kerneli, njia ya picha kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye kioo ina vituo kadhaa. Kuna bafa, yaani eneo la kumbukumbu lenye picha yenyewe. Kuna konekta, ambalo ni tundu la nyuma ya kompyuta. Katikati yao kuna kifaa ndani ya chipu kinachoitwa CRTC, jina lililobaki kutoka enzi za runinga za mirija. CRTC husoma bafa nukta kwa nukta na kuituma kwa mdundo maalumu: nukta ngapi kwa mstari, mistari mingapi, mara ngapi kwa sekunde. Ifikirie kama mpiga ngoma. Skrini mbili zinaweza, pale chipu inaporuhusu, kucheza mdundo mmoja wa mpigaji mmoja, yaani kuonyesha picha ileile kwa vipimo vilevile. Lakini skrini mbili zenye vipimo tofauti zinahitaji wapigaji wawili.

Prosesa yako ya kizazi cha pili, iliyotoka 2011, ina matundu ya kutosha skrini tatu lakini ina CRTC mbili tu. Ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2012, ndiyo iliyoongezewa ya tatu. Unaweza kujionea mwenyewe kwa `xrandr --verbose`: chini ya kila tundu kuna mstari wa `CRTCs:` wenye orodha ya zile zinazoweza kulihudumia, na kwako utaona 0 na 1, basi. Ujumbe ule uliokuchosha ulikuwa unasema kweli tupu: hakuna mpigaji aliyebaki. Hakuna amri, faili wala toleo jipya la kerneli litakalomzaa.

Kwa hiyo njia ni za vifaa. Ya kwanza ni kadi ya picha iliyotumika. Nyingi za Radeon za familia ya HD 5000, zilizotoka kuanzia 2009, zina uwezo wa skrini tatu zenye vipimo tofauti, kwa sharti kwamba mojawapo iunganishwe kwa DisplayPort halisi au kwa adapta hai (active) ya DisplayPort, kwa sababu saa za ndani za matundu mengine ni mbili tu. Kwenye Debian 12 utahitaji kifurushi cha `firmware-amd-graphics`, chenye firmware, yaani programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, kutoka sehemu ya hazina ya Debian iitwayo non-free-firmware. Bila hicho draiva haitaanza kupanga skrini.

Ya pili, ambayo kwa foleni ya printa naiona inatosha, ni adapta ya USB 2.0 ya DisplayLink ya vizazi vya zamani. Kerneli inayo draiva yake tayari, inaitwa `udl`. Itajitokeza kama kadi ya pili, nawe utaiunganisha na ya kwanza kwa `xrandr --setprovideroutputsource 1 0`. Usinunue kwa kuangalia jina tu: adapta mpya za USB 3.0 zinahitaji moduli ya `evdi`, ambayo haimo ndani ya kerneli, na utalazimika kuijenga upya kila kerneli inapobadilika. Adapta ya USB 2.0 haifai kwa video, lakini orodha ya kazi za printa haibadiliki mara sitini kwa sekunde.

Fundi kijana, Bukavu

Mwalimu, na Papa wa Goma, nashukuru. Nimeiondoa `nomodeset` kwenye ile kompyuta ya ofisi, nikakuta kilichokosekana kilikuwa firmware ya kadi ya Radeon, kama mwalimu alivyotaja. Nina swali dogo: kwenye terminali ya maandishi, kabla ya kuingia kwenye dirisha, skrini kubwa inaonyesha maandishi kwenye kona ya juu kushoto tu, na sehemu iliyobaki ni nyeusi. Je, nayo ni kosa la EDID?

Msimamizi wa mitambo, Goma

Hapana, hiyo ni kawaida. Terminali ya kerneli ni moja kwa skrini zote, nayo hutumia bafa moja. Bafa inakuwa kubwa kiasi cha kuitosha skrini kubwa kuliko zote, lakini eneo la maandishi hukatwa kwa kipimo cha skrini ndogo, ili pasiwe na mstari unaofichika kwa mtu yeyote. Ukizima tundu dogo wakati wa kuwaka, kwa mfano `video=VGA-1:d`, maandishi yatajaa; ila skrini hiyo haitaonekana kabisa, kwa hiyo sikushauri ufanye hivyo kwa sababu ya maandishi ya sekunde chache.

Ndugu mchapishaji, kuna jambo nimelisahau ambalo litakugusa. Katika miji yetu umeme hukatika, na wengi wetu tunaiweka kompyuta kwenye betri huku skrini zikibaki kwenye laini ya kawaida. Kompyuta ikiwaka wakati skrini ya HDMI haina umeme, baadhi ya skrini huacha kutoa ishara kwenye pini ya 19, na kerneli huona tundu tupu. Umeme ukirudi, mpangilio wako unaweza kuwa umevurugika. Ikikutokea, hifadhi na EDID ya HDMI kwa njia ileile, uitenganishe na ya kwanza kwa koma:

`drm.edid_firmware=VGA-1:edid/kaunta.bin,HDMI-A-1:edid/kazi.bin video=HDMI-A-1:1920x1080@60e`

Herufi e ya mwisho huilazimisha kerneli ilihesabu tundu hilo kuwa limeunganishwa. Zingatia pia majina: kerneli huliita HDMI-A-1, na `xrandr` huliita HDMI-1. Ukiyachanganya, agizo hupuuzwa kimya kimya.

Mchapishaji wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Ninawaletea matokeo. Mara ya kwanza nilipata lile kosa la -2 kama lilivyotabiriwa, nikaongeza skripti ya initramfs, na sasa skrini ya kaunta inawaka kwa 1280x1024 kwa kebo ndefu, bila kusogea. Kisanduku nimekiondoa. Nimezipanga skrini mbili ili ukingo wa chini uwe sawa, kwa kuwa tofauti ya urefu ni nukta 56:

`xrandr --output VGA-1 --mode 1280x1024 --pos 0x56 --output HDMI-1 --mode 1920x1080 --pos 1280x0`

Juzi umeme ulikatika mara mbili kabla ya saa sita, na mara zote mbili kila skrini ilirudi mahali pake. Mama mmoja alikuja jana kuangalia kadi ya ndoa ya binti yake, akaziangalia pete kwenye kioo cha kaunta, akauliza tu kama rangi ya dhahabu inaweza kukolezwa kidogo.

Kwa skrini ya tatu nimeamua kufuata njia ya adapta ya USB 2.0. Mwalimu, kwa kuwa tuko mji mmoja, nitakuomba uiangalie namba ya chipu yake kabla sijailipia.

Mwalimu wa informatiki, Lubumbashi

Ilete Jumamosi asubuhi, ndugu. Tutaichomeka kwenye kompyuta yangu na kuangalia `dmesg`: ikitajwa `udl`, lipa; isipotajwa, mrudishie muuzaji.